UCHAMBUZI: Mashine pekee haitatuliza maumivu ya wakazi wa Mbumbuni

MKULIMA wa Mbumbuni, Kaunti ya Makueni, anaposumbuliwa na maumivu ya mgongo kwa miezi mingi, mara nyingi huwa na njia tatu mbele yake: kumeza vidonge alivyonunua dukani, kumwendea mganga au mwombeaji, au kuvumilia tu.

Njia ya nne, ambayo baadhi ya hospitali za mataifa yaliyostawi zimeitumia kwa takriban miaka 50, haijulikani sana katika maeneo ya mashambani nchini. Njia hiyo ni bayofidibaki, yaani mbinu ya kumwonyesha mgonjwa yale yanayotendeka ndani ya mwili wake ili ajifunze kuyadhibiti mwenyewe.

Mbinu hiyo hutumiwa kupunguza maumivu ya kichwa, ya mgongo na ya shingo. Aidha, hutumiwa kuwasaidia watu wanaosumbuliwa na wasiwasi uliokithiri, ambao moyo huwadunda, viganja huwatoka jasho na usingizi huwapaa bila sababu inayoonekana.

Huku serikali za kaunti zikihimizwa kupanua huduma za afya ya akili, bila shaka siku itafika ambapo wauzaji wa vifaa vya aina hii watabisha hodi katika afisi za afya mjini Wote, makao makuu ya kaunti. Kabla ya siku hiyo, ni vyema kujiuliza ni kipi hasa kinachomponya mgonjwa katika mbinu hii: ni mashine, au ni mtu aliyefunzwa anayeketi naye na kumwelekeza?

Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua iwapo fedha za umma zitanunua vifaa vya kufungiwa kabatini, au zitawafaa wahudumu na wagonjwa wao.

Namna inavyofanya kazi

Bayofidibaki haitii chochote mwilini. Haina sindano, haina dawa, wala haipitishi umeme wa kutibu. Mgonjwa hubandikwa vibandiko vyenye nyaya kwenye ngozi, na kifaa hupima kazi ya misuli, joto la vidole, jasho la ngozi au mapigo ya moyo. Vipimo hivyo hugeuzwa kuwa sauti au mchoro anaouona papo hapo.

Mtu mwenye maumivu ya kichwa yanayotokana na mkazo, kwa mfano, huenda asitambue kwamba amekaza misuli ya paji la uso na mabega tangu asubuhi. Kifaa kinapotoa sauti ya juu misuli inapokaza, na sauti hiyo ikashuka inapolegea, mgonjwa huanza kujifunza tofauti iliyopo. Baada ya mazoezi ya wiki kadhaa, huweza kuilegeza misuli hiyo pasipo kifaa chochote.

Huo ndio msingi wa mbinu yote. Kifaa ni kioo tu. Anayejitazama kwenye kioo ndiye anayejisafisha uso. Kioo hakimwoshi mtu.

Chanzo chake ni Marekani. Chama cha kwanza cha watafiti wa taaluma hii kiliundwa katika jimbo la California mnamo 1969. Mwaka uliofuata, Thomas Budzynski na Johann Stoyva wa Chuo Kikuu cha Colorado, pamoja na mwenzao Charles Adler, walieleza jinsi wagonjwa wa maumivu ya kichwa walivyofunzwa kulegeza misuli ya paji la uso kwa kusikiliza sauti ya kifaa.

Wakati uo huo, watafiti katika Wakfu wa Menninger mjini Topeka, jimbo la Kansas, wakiongozwa na Elmer Green, walikuwa wakiwafunza wagonjwa wa kipandauso kupandisha joto la viganja vyao. Mtu anapotulia, mishipa midogo ya damu vidoleni hupanuka na vidole hupata joto. Anapoingiwa na hofu, mishipa hiyo hujifinya na vidole huwa baridi.

Katika miaka ya majuzi, kinachotumiwa zaidi kwa wasiwasi ni mapigo ya moyo. Mtu anapovuta pumzi, moyo huenda kasi kidogo, na anapoitoa, hupunguza mwendo. Watafiti kama Paul Lehrer na Evgeny Vaschillo walionyesha kwamba anayepumua polepole, takriban mara sita kwa dakika, huufanya mpando na mshuko huo kuwa mkubwa zaidi, na hivyo kuuzoesha mfumo unaoratibu shinikizo la damu na utulivu wa mwili.

Ushahidi uliopo

Ushahidi wa kisayansi kuhusu mbinu hii ni mzuri kuliko wanavyodhani wanaoipuuza, lakini ni mdogo kuliko wanavyodai wanaoiuza.

Kuhusu maumivu ya kichwa, uchanganuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mnamo 2007 na 2008 ulionyesha kwamba bayofidibaki huwasaidia wenye kipandauso na wenye maumivu yanayotokana na mkazo. Kuhusu maumivu sugu ya mgongo, uchanganuzi wa 2017 uliojumuisha tafiti 21 na wagonjwa 1,062 ulionyesha nafuu, ingawa si kubwa. Mwaka huo huo, uchanganuzi mwingine wa tafiti 24 zenye washiriki 484 ulibaini kwamba mazoezi ya mapigo ya moyo hupunguza wasiwasi na msongo wa mawazo.

Ndiyo maana chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani nchini Marekani, katika mwongozo wake wa 2017, kilipendekeza kwamba mwenye maumivu sugu ya mgongo aanze na tiba zisizo za dawa. Bayofidibaki ya misuli ilitajwa katika orodha hiyo pamoja na mazoezi ya viungo na mbinu za kulegeza mwili.

Hata hivyo, kuna utafiti mmoja unaopaswa kusomwa na kila afisa anayeandaa bajeti ya afya. Ulifanywa nchini Uingereza na matokeo yake kuchapishwa mnamo 2020. Wanawake 600 waliokuwa na tatizo la kutokwa na mkojo bila hiari waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilifunzwa mazoezi ya misuli ya nyonga; la pili lilifunzwa mazoezi yayo hayo na kuongezewa kifaa cha bayofidibaki.

Baada ya miaka miwili, hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo. Mazoezi yaliyofundishwa vyema yalitosha. Kifaa hakikuongeza kitu.

Kweli, tatizo hilo si maumivu ya mgongo wala wasiwasi, na haifai kulinganisha kila ugonjwa na mwingine. Lakini funzo linabaki. Pale ambapo mwalimu ni mzuri na mwanafunzi ana bidii, thamani ya kioo hupungua. Pale ambapo hakuna mwalimu, kioo hakina kazi.

Hatari ya matapeli

Kuna sababu nyingine ya kujihadhari. Jina la mbinu hii limewahi kutumiwa kuwapora wagonjwa.

Mnamo 2007, gazeti la Seattle Times la Marekani lilifichua biashara ya kifaa kilichobuniwa na William Nelson, Mmarekani aliyekuwa akiendeshea shughuli zake mjini Budapest, Hungary. Kifaa hicho kilisajiliwa kama cha bayofidibaki, lakini wauzaji walidai kingeweza kutambua na kutibu magonjwa mengi, yakiwemo kansa. Mwaka uliofuata, mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa ilipiga marufuku kuingizwa kwake nchini humo.

Mkazi wa Mbumbuni hana budi kujua tofauti kati ya kifaa halali na cha ulaghai, na tofauti hiyo si ngumu kuieleza. Kifaa halali hupima jambo moja au mawili yanayojulikana, kama vile mapigo ya moyo au joto la kidole. Hakitaji magonjwa. Hakimwambii mtu kwamba ini lake limechoka au kwamba damu yake ina sumu.

Isitoshe, mbinu halali humtaka mgonjwa ajifunze na hatimaye aachane na kifaa. Tapeli humtaka arudi kila wiki na pesa. Yeyote anayejitokeza siku ya soko akidai kwamba mashine yake husoma maradhi yote ya mtu kwa kushikwa kiganja tu, hauzi bayofidibaki hata akiiita kwa jina hilo.

Mzigo wa maumivu

Ili kuelewa ni kwa nini suala hili ni muhimu Ukambani, inafaa kutazama kazi ya kila siku. Milima na miteremko ya Mbooni imechimbwa matuta kwa mikono kwa miongo mingi, aghalabu na vikundi vya kazi za pamoja viitwavyo mwethya, ambavyo wanachama wake wengi ni wanawake. Maji na kuni hubebwa mgongoni kwa kamba inayopitishwa juu ya kichwa, na uzito wote huvutwa na shingo.

Kazi hiyo imeokoa udongo na kuwalisha watu. Lakini matuta hayachimbiki bila migongo, na mgongo hauna kipuri.

Juu ya uchovu huo huja hofu. Kati ya 2020 na mapema 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli kwa mfululizo katika maeneo mengi kame ya nchi. Mtu anayelala akiwaza karo, deni na ghala tupu huamka mwili ukiwa umekazika, na mwili uliokazika huhisi maumivu zaidi. Maumivu nayo humnyima usingizi na kumzidishia hofu. Huo ni mduara ambao kidonge cha dukani hakiukati.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mnamo 2020. Katika mwongozo wake wa Desemba 2023, shirika hilo lilipendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi na tiba za kisaikolojia, na likashauri dhidi ya matumizi ya kawaida ya dawa za jamii ya afyuni kwa maumivu hayo sugu.

Msingi uliowekwa Makueni

Yamkini wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Rekodi ya Makueni yenyewe inaonyesha vingine.

Katika muongo wa 2010, wakfu wa utafiti wa afya ya akili unaohusishwa na Prof David Ndetei na Prof Victoria Mutiso uliendesha mradi katika kaunti hiyo ukitumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Wauguzi, matabibu na wahudumu wa afya vijijini walifunzwa kutambua na kushughulikia huzuni na maradhi mengine ya akili katika vituo vya kawaida. Waganga wa kienyeji na waombeaji nao waliketishwa pamoja na wahudumu wa hospitali, wakafunzwa na kuhimizwa kupelekeana wagonjwa.

Hatua hiyo ilikuwa ya busara. Mgonjwa wa wasiwasi mashambani aghalabu hufika kwa mwombeaji kabla ya kufika zahanatini, na kumtusi mwombeaji huyo hakumponyi mgonjwa.

Jijini Nairobi, ushahidi mwingine ulipatikana. Wanawake 421 waliokuwa na dhiki ya kiakili na waliowahi kudhulumiwa kijinsia walishiriki utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa mnamo 2017. Waliopewa vikao vitano na wahudumu wa afya ya jamii, ambao si madaktari wala wanasaikolojia, walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Miongoni mwa mambo waliyofunzwa katika vikao hivyo ni kupumua polepole ili kuutuliza mwili. Mengine ni jinsi ya kukabiliana na tatizo moja baada ya jingine, kurejelea shughuli walizoziacha na kutafuta msaada wa jamaa na majirani. Hapakuhitajika mashine.

Hapa ndipo njia ya Mbumbuni inapoanza kuonekana. Septemba 2023, serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini, kila mmoja akipewa mkoba wenye vifaa, ikiwemo mashine ya kupima shinikizo la damu. Mashine za dijitali za aina hiyo huonyesha pia idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika.

Kwa maneno mengine, kioo kidogo tayari kimo ndani ya mkoba. Mhudumu anaweza kumpima mtu mwenye wasiwasi, akamwelekeza kupumua polepole kwa dakika kumi, kisha akampima tena na kumwonyesha mabadiliko. Hata pasipo mashine, mtu anaweza kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo yake.

Hiyo si bayofidibaki kamili kama inavyofanywa katika kliniki, na haipasi kuitwa hivyo. Mapigo ya moyo hushuka hata kwa mtu aliyekaa kimya tu, kwa hivyo kipimo kimoja hakithibitishi tiba. Faida yake ni nyingine: mtu aliyeamini kwamba moyo wake unadunda kwa sababu ya kifo kinachomnyemelea, huona kwa macho yake kwamba ana uwezo wa kuutuliza.

Yasiyopaswa kusahaulika

Mpango wowote wa aina hii utakuwa hatari usipowekewa mipaka. Maumivu ya mgongo yanayoandamana na homa, kukonda, miguu kufa ganzi au kushindwa kuzuia mkojo si ya kupumuliwa. Huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, uvimbe au neva iliyobanwa. Maumivu makali ya kichwa kwa mja mzito huenda ni dalili ya shinikizo la damu linaloweza kumuua. Maumivu ya kifua hayafai kuitwa wasiwasi kabla ya mgonjwa kupimwa.

Hawa wote wanafaa kupelekwa hospitalini mara moja.

Mpaka wa pili unahusu wagonjwa wa kansa na wengine walio na maumivu makali ya mwisho wa maisha. Hao wanahitaji mofini. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya 2010 ilisema kwamba hospitali saba pekee kati ya takriban 250 za umma nchini ndizo zilizokuwa na mofini ya kunywa. Tangu hapo tiba shufaa imepanuka, lakini historia hiyo inaonya jinsi ilivyo rahisi kwa maumivu ya maskini kusahaulika.

Nchi jirani ya Uganda, ambako shirika la Hospice Africa lilianza kazi mnamo 1993 chini ya Dkt Anne Merriman, ilionyesha kwamba mofini ya maji inaweza kutayarishwa kwa gharama ndogo na kuwafikia wagonjwa nyumbani. Sheria yake iliwaruhusu hata wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiagiza.

Itakuwa aibu iwapo siku moja afisa wa afya atamwambia mgonjwa wa kansa apumue polepole kwa sababu stoo ya dawa haina kitu. Mbinu za kuutuliza mwili huandamana na dawa; hazichukui nafasi yake.

Nani atalipa?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mnamo 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ikafanyiwa marekebisho mnamo 2022, na majukumu ya kaunti yakawekwa bayana zaidi.

Makueni yenyewe iliwahi kuwa mfano. Mnamo 2016, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianzisha mpango uliowezesha familia kutibiwa katika hospitali za kaunti kwa ada ya Sh500 kwa mwaka. Tangu Oktoba 2024, taifa lote limeingia katika mfumo wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambao uliahidi kwamba huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya zitagharimiwa na serikali.

Pengo liko wapi basi? Liko katika muda wa mhudumu. Kumfunza mtu kuusikiliza mwili wake hakuhitaji fedha nyingi, lakini huhitaji vikao kadhaa, subira na mtu wa kurejea kwake. Muuguzi mwenye foleni ndefu mlangoni hana nafasi ya kuketi na mgonjwa mmoja kwa saa nzima. Mhudumu wa kijijini anayo, mradi alipwe.

Malipo yaliyopangwa mnamo 2023 yalikuwa Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka kwa serikali ya kitaifa na nusu kutoka kwa kaunti. Marupurupu hayo yanapochelewa, mhudumu hurudi shambani, na mkoba wake hubaki ukining'inia ukutani.

Kwa hivyo, mpangilio wa busara ni huu. Kwanza, wahudumu walipwe kwa wakati na wafunzwe vikao vifupi vya kutuliza mwili na akili, pamoja na dalili za hatari. Pili, wasimamiwe na muuguzi au tabibu aliyefunzwa, ambaye watampelekea wagonjwa waliolemewa. Tatu, hospitali ya rufaa mjini Wote ihakikishe ina wataalamu wa viungo na wa saikolojia, na mofini isiyokatika.

Vifaa vya bayofidibaki vifuate baadaye, vichache, mikononi mwa wataalamu hao, kwa wagonjwa ambao mazoezi ya kawaida hayakuwasaidia. Ikianzwa kinyume, kaunti itakuwa imenunua jembe kabla ya kupata shamba.

Mwanamke wa Mbumbuni anayepanda mteremko na mtungi mgongoni hatasaidiwa na kifaa asichokiona. Atasaidiwa na jirani aliyefunzwa, anayelipwa, na anayejua ni lini pa kupumua na ni lini pa kuita gari la wagonjwa.